Uzi: Mabomba ya nyumbani yanayopiga kelele, namna ya kutambua chanzo na kuyarekebisha mwenyewe kwa anayeanza

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Habari za wakati huu, wakuu. Mada hii ninaileta kwa ajili ya mwenye nyumba au mpangaji ambaye hajawahi kushika spana, lakini kila koki ya jikoni inapofungwa anasikia kishindo ndani ya ukuta, au usiku wa manane anaamshwa na mvumo unaotoka darini asijue aanzie wapi. Mimi sina cheti cha ufundi bomba. Kazi hii nimejifunza kwa kuifanya nyumbani kwangu na kwa majirani, nikisoma na kuwauliza mafundi wenye uzoefu, na jambo ambalo ningependa kila anayesoma aondoke nalo ni kwamba sauti ya bomba ina wakati wake, na wakati huo ndio unaotaja chanzo chake.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu ninaona watu wanaumia. Fundi anaitwa, anasikiliza kwa nusu dakika, anasema mabomba yamechakaa, na kabla ya jioni marumaru za bafuni zimeshavunjwa ili bomba jipya lipite. Mara nyingi kilichokuwa kinapiga kelele ni washa ya mpira ndani ya koki, au bomba lililoachwa likining'inia bila kibano, vitu ambavyo havihitaji kuvunja hata kipande kimoja cha ukuta. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, jiulize: je, sauti inatoka unapofungua maji, yanapoendelea kutiririka, unapoyafunga, au wakati hakuna mtu yeyote anayeyatumia? Majibu hayo manne yanakupeleka sehemu nne tofauti kabisa.

Namna ya kusikiliza ni hii. Mwombe mtu mmoja afungue na kufunga koki moja baada ya nyingine, polepole kwanza kisha kwa haraka, huku wewe ukitembea na kugusa kila sehemu ya bomba inayoonekana. Palipo na shida, mkono utahisi mtetemo kabla sikio halijasikia. Kwa bomba lililofukiwa ukutani, chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake juu ya koki au kipande cha bomba kilichojitokeza, na mpini wake uubane kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Utashangaa jinsi sauti inavyokuja wazi, na ukihama kutoka koki hadi koki utajua ni upande gani inazidi. Wakati huo huo hakikisha unajua valvu kuu ya nyumba iko wapi na kwamba inazunguka, kwa sababu wengi huja kugundua kuwa imeganda kwa kutu siku ambayo maji yameshajaa sebuleni.

Nianze na kishindo cha kufunga, maana ndicho kinachowatia watu hofu zaidi na ndicho chenye madhara makubwa. Maji yanayokimbia ndani ya bomba yana uzito na mwendo, na hayabonyei kirahisi. Dereva wa daladala akikanyaga breki ghafla, abiria wote waliosimama husukumana kuelekea mbele. Ndivyo safu nzima ya maji inavyoikumba koki iliyofungwa kwa mkupuo. Mshtuko huo unageuka kuwa wimbi la presha linalorudi nyuma ndani ya bomba, linagonga mwisho, linarejea tena, hadi nguvu yake iishe. Mhandisi Nikolai Zhukovsky alilifanyia majaribio jambo hili kwenye mabomba ya maji ya jiji la Moscow na akachapisha hesabu yake mwaka 1898, na hesabu hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Inaonyesha kuwa ongezeko la presha linategemea uzito wa maji, kasi ya wimbi ndani ya bomba, na kiasi cha mwendo kilichokatishwa ghafla.

Tuweke takwimu. Katika bomba la chuma wimbi hilo husafiri kwa takriban mita 1,200 kwa sekunde, hivyo maji yaliyokuwa yakienda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo huzalisha ongezeko la karibu baa 12 (baa ni kipimo cha presha), juu ya presha iliyokuwepo. Katika bomba la plastiki la PPR lenye ukuta mnene, kwa kuwa plastiki hutanuka kidogo, kasi ya wimbi hushuka hadi kama mita 450 kwa sekunde na ongezeko linakuwa kati ya baa 4 na 5. Ndiyo maana nyumba ya zamani yenye mabomba ya chuma hupiga kishindo kikali kuliko nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki, hata kama zote mbili zimeunganishwa kwenye laini moja ya mtaa. Ndiyo maana pia koki ya kuzungusha mara kadhaa haina tatizo hilo sana, ilhali koki ya mpini inayofungwa kwa robo ya mzunguko, na hasa valvu ya umeme iliyo ndani ya mashine ya kufulia, huleta kishindo kila mara. Mashine haina mkono wa kupunguza mwendo, inakata tu.

Tiba ina ngazi, na mimi hushauri mtu apande ngazi moja moja. Kwanza funga koki za mpini taratibu, kisha usikilize kama kishindo kimeisha. Kikiisha, umeshajua chanzo bila kutumia senti. Pili, punguza mwendo wa maji kwa kuibana kidogo stopkoki ya kuingilia nyumbani au koki ndogo iliyo chini ya sinki na nyuma ya mashine. Tahadhari moja hapa: usitumie geti valvu kwa kazi hiyo. Geti valvu imetengenezwa ili iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa, na ukiiacha nusu, lile bamba lake la ndani hutikisika na kukuletea kelele mpya.

Tatu, kagua vibano. Bomba la plastiki la milimita 20 linalopita juu ya ukuta au darini linahitaji kibano takriban kila sentimita 60, na la chuma la nusu inchi takriban kila mita 1.8. Nimeona mabomba ya darini yenye urefu wa chumba kizima yakiwa yamelazwa tu juu ya mbao, na kila koki inapofungwa bomba lote linaruka na kuigonga mbao. Hapo sauti kubwa unayoisikia ni ya bomba na mbao, wala si ya maji. Weka kibano chenye mpira ndani yake, au vishe bomba kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mahali kibano kinapobana. Kabla ya kutoboa ukuta, fikiria nyaya za umeme zinapita wapi. Usitoboe juu au chini ya swichi au soketi kwa mstari wa wima, kwa sababu ndiko nyaya zinakoshukia.

Nne, endapo kishindo kinatokana na mashine ya kufulia au mashine ya vyombo, kuna kifaa kidogo cha kufyonza mshtuko, chenye pistoni na hewa iliyofungiwa ndani, ambacho hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu kati ya koki na mpira wa mashine. Kikae karibu na mashine kadiri inavyowezekana. Ukikifunga mbali, wimbi litakuwa limeshapiga kabla halijakifikia. Tano, ikiwa presha ya mtaa wako ni kubwa kupita kiasi, funga valvu ya kupunguza presha baada ya mita na uiweke karibu baa 3, ambayo inatosha kabisa kwa nyumba ya kawaida.

Utajuaje kama presha ya mtaa ndiyo tatizo? Kwa nyumba zetu nyingi zenye tanki la juu, jaribio ni rahisi. Funga maji ya mamlaka, tumia ya tanki peke yake, kisha rudia kufungua na kufunga koki zile zile. Kila mita 10 za kimo huleta baa 1 tu, kwa hiyo tanki lililo mita 6 juu ya koki linatoa baa 0.6. Kishindo kikitoweka ukiwa kwenye tanki na kikarudi ukiwa kwenye laini ya mtaa, chanzo umekipata.

Mluzi nitaupitia kwa ufupi. Bomba linalopiga mluzi wakati maji yanatiririka linakuambia kuwa mahali fulani njia imebanwa. Anza na chujio la mdomoni mwa koki, lifungue, lisuguliwe kwa mswaki wa zamani na siki kama lina chokaa. Halafu angalia koki ndogo za chini ya sinki na za choo, je, zimefunguliwa zote? Mwisho angalia washa. Zima valvu, acha maji yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isizame, fungua mpini, kisha fungua kichwa cha koki kwa spana huku umeshikilia mwili wake kwa mkono mwingine usije ukapinda bomba. Washa iliyochakaa utaiona: ina alama ya duara iliyozama, kingo zake zimeraruka, na pengine inacheza kwenye kishikio chake. Hiyo inayocheza ndiyo inayotoa ule mlio wa kugonga-gonga kwa haraka koki ikiwa nusu wazi. Nenda nayo dukani ukaifananishe na mpya, na kabla ya kurudisha kichwa, pitisha kidole kwenye kitako cha shaba ambapo washa hukalia. Kikiwa na mkwaruzo, washa mpya nayo haitadumu.

Kuna mluzi mwingine ambao haumo kwenye koki. Mabomba ya PPR huunganishwa kwa mashine ya moto wa nyuzijoto 260, na bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5 tu. Fundi akizidisha muda au akilisukuma bomba ndani zaidi ya kina chake, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani ya elbo, yaani kiungo cha kona, na kuacha tundu dogo. Kila kitu kitakuwa wazi, washa mpya, chujio safi, lakini bisibisi ikiwekwa karibu na elbo hiyo itakuletea sauti kali ya maji yanayofoka. Hapo tiba ni kuikata elbo na kuweka nyingine, na hiyo ni kazi ya mwenye mashine.

Karibuni kwa maswali. Tafadhali mtaje sauti inatoka lini, siyo tu kwamba ipo.

Mchangiaji, Kimara

Asante sana mkuu kwa somo hili. Kwangu hakuna anayetumia maji, ni usiku, watoto wamelala, halafu darini kunaanza dundo la mfululizo, du-du-du-du, linaendelea kwa muda mrefu kisha linakoma lenyewe. Nina tanki la lita 1,000 juu ya paa la nyuma ambalo hujazwa na maji ya mtaani. Fundi wa kwanza alisema ni hewa, wa pili akataka kubadilisha bomba lote linalopanda. Nisaidie kabla sijatoa hela.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Kimara, usitoe hela ya bomba. Jirani yangu alikuwa na sauti hiyo hiyo, na tulipopanda na tochi tukafungua mfuniko tukaikuta ikitendeka mbele ya macho yetu. Maji yalikuwa yamebakiza vidole viwili kufikia usawa wa kujaa. Yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye valvu ya boya, ile inayofunga maji tanki likijaa, yakatibua uso wa maji, na boya likawa linapanda na kushuka juu ya mawimbi hayo. Likipanda, valvu inafunga, likishuka, inafungua, na kila kufunga ni kishindo kidogo kama kile nilichokieleza hapo juu. Ukuta wa tanki la plastiki ni mwembamba, nao ukawa unaingia na kutoka pamoja na valvu, na bomba linalopanda likawa linaigonga fashiabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa.

Hutokea usiku kwa sababu mtaa mzima umelala, matumizi yamepungua, na presha kwenye laini imepanda. Linakoma lenyewe kwa kuwa tanki hatimaye hujaa na boya hufunga moja kwa moja.

Fanya hivi, mchana na ukiwa na mtu wa kukushikia ngazi. Punguza maji yanayopanda kwa kuibana stopkoki ya chini hadi tanki lijae taratibu. Kaza nati mbili zinazoibana valvu kwenye ukuta wa tanki, moja ndani na moja nje, na upande wa ndani weka kipande cha plastiki ngumu au bati lisiloshika kutu ili ukuta usitikisike. Bana bomba linalopanda kwa vibano viwili karibu na tanki. Fungua valvu ya boya na ubadilishe washa yake. Ikiwa dundo bado lipo, chukua kikopo cha plastiki kilicho wazi juu, kining'inize kwa waya wa shaba kwenye mkono wa boya kiwe kimezama ndani ya maji. Kwa kuwa kimejaa maji, kinazuia mkono huo kuruka haraka, na boya linatulia.

Kuna wanaoshauri kurefusha bomba la kuingizia hadi chini ya usawa wa maji ili yasidondoke. Nakusihi usifanye hivyo. Siku maji ya mtaani yakikatika na laini ikabaki tupu, bomba lililozama linaweza kuyafyonza maji ya tanki lako na kuyarudisha kwenye laini ya mtaa, pamoja na chochote kilichomo.

Mchangiaji, Tabata

Mimi kelele yangu ipo siku za mgao tu. Maji yakirudi, koki zinatema, zinakohoa, zinatoa maji ya rangi ya chai, na mabomba yanatikisika nyumba nzima. Je, kuna namna ya kuzuia au ni kuvumilia tu?

Mwanzisha uzi

Dada, kuna namna. Sisi wa Dar es Salaam tuliokuwapo mwishoni mwa 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mgao ukawa mkali, tulijifunza hili kwa lazima. Bomba likikaa bila maji linajaa hewa. Maji yakirudi yanaisukuma hewa hiyo, nayo kwa kuwa ni nyepesi inatoka kwenye koki kwa kasi kubwa sana. Nyuma yake maji yanakuja kwa kasi ile ile, na yakifika kwenye tundu dogo la koki yanajikwaa ghafla. Ndiyo maana kila kutema kunafuatana na kishindo.

Maji yakikatika, funga valvu kuu ya nyumba mara moja, ili mabomba yako yasikauke kwa kuvutwa kuelekea mtaani na ili yatakaporudi wewe ndiye uamue mwendo wake. Yakirudi, fungua kwanza koki ya nje iliyo karibu na mita, kama unayo, hadi maji machafu yaishe. Kisha fungua koki iliyo juu zaidi na mbali zaidi, ambayo chujio lake umeliondoa, na ndipo uifungue valvu kuu kwa robo tu. Acha hewa itoke kwa utulivu. Koki ikianza kutoa maji mfululizo bila kutema, nenda ya pili, hadi uzimalize zote, kisha fungua valvu kuu kikamilifu na urudishe machujio.

Lingine ambalo ni la usalama kuliko kelele: usiwashe hita ya papo hapo ya bafuni kabla hewa haijaisha. Koili yake inapoozwa na maji yanayopita, na ikikutana na hewa inaungua.

Mchangiaji, Mombasa

Shukrani kwa maelezo. Kwetu nyumba ni ya babu, mabomba ni ya chuma, na fundi aliyeyaweka zamani aliacha kipande cha bomba kimesimama wima juu ya kila mfereji (koki), kimezibwa juuni. Mzee alikuwa akisema ni cha kuzuia kishindo, na miaka ya nyuma kweli hapakuwa na kishindo. Sasa kipo kila mfereji wa jikoni ukifungwa. Je, vipande hivyo vimekufa?

Mwanzisha uzi

Ndugu yetu wa Mombasa, mzee alisema kweli, na fundi yule alijua kazi. Kipande hicho kilikusudiwa kubaki na hewa ndani yake. Maji yakisimama ghafla yanaibonyeza hewa badala ya kuigonga koki. Lakini hewa huyeyuka kidogo kidogo ndani ya maji inayogusana nayo, na baada ya muda kipande kinajaa maji kabisa, kikawa hakina kazi tena.

Kukirejesha hakugharimu kitu. Funga valvu kuu, fungua mfereji ulio juu kabisa ili hewa iingie, kisha fungua ulio chini kabisa na uache mfumo wote umwage maji hadi mwisho. Vipande vile vitajaa hewa upya. Funga mifereji, kisha fungua valvu kuu polepole sana. Kwa kuwa nyumba ni ya zamani na mabomba ni ya chuma, tarajia kutu kutoka, kwa hiyo ondoa machujio kwanza. Ikiwa hata baada ya hapo kishindo kipo, yawezekana kutu imeziba mdomo wa chini wa kipande. Gonga taratibu kwa mpini wa nyundo na usikilize. Na hewa itaisha tena siku za mbele, kwa hiyo ni zoezi la kurudiwa.

Mchangiaji fundi bomba, Mwanza

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri. Niongezee kwenye upande wa pampu ya presha, kwa maana ndiko ninakoitwa mara nyingi. Wateja husema bomba linagonga, kumbe ni pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache. Kama inafanya hivyo huku hakuna aliyefungua maji, basi kuna mahali panavuja, mara nyingi ni tanki la choo linalotiririsha kimya kimya. Kama inafanya hivyo pale mtu anapotumia maji kidogo tu, angalia lile tanki dogo la chuma lenye mpira ndani. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua koki hadi presha iishe, kisha pima upepo wake kwenye pua yake kwa kipimo cha matairi. Unatakiwa uwe chini kidogo ya presha ambayo pampu huwakia, tofauti ya kama baa 0.2. Ukiwa umepungua, ongeza kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza ile pini ya pua yakatoka maji badala ya upepo, mpira wa ndani umepasuka, na hapo ni kubadilisha.

Na kile kishindo kimoja kikubwa kinachosikika pampu inapozima ni valvu ya kuzuia maji yasirudi inayojibamiza. Ile yenye springi hufunga kabla maji hayajaanza kurudi nyuma, kwa hiyo haina kishindo kikubwa kama ile ya kibamba kinachoning'inia.

Nyongeza kwa wanaoanza: pampu ikitoa sauti ya changarawe huku ndani hamna changarawe, inakosa maji ya kutosha upande wa kuvuta. Usiiache iendelee, inajila yenyewe.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi yangu ni ya maji moto. Nikiwasha hita ya bafuni, baada ya dakika chache ukuta unaanza kutoa tik, tik, tik, na nikizima inaendelea hadi bomba lipoe. Pia hita yenyewe siku hizi inanguruma inapokaribia kuchemsha. Ni mambo mawili au moja?

Mwanzisha uzi

Ni mawili, mkuu. Ile tik-tik ni bomba linalorefuka kwa joto na kujikwaruza ukutani au kwenye kibano. Bomba la kawaida la PPR hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja. Bomba lako likiwa na mita 5 na joto likipanda nyuzi 40, linataka kurefuka milimita 30, yaani sentimita 3 nzima. La chuma kwa hali hiyo hiyo lingerefuka karibu milimita 2.4. Kwa hiyo vibano vya bomba la maji moto havitakiwi kulibana kabisa. Vilishike huku vikiliacha liteleze, na linapopenya ukutani lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa kidogo au livishwe sponji. Kama limefukiwa lote kwa saruji, huna la kufanya bila kuvunja, na kwa kuwa sauti hiyo haiharibu kitu, ningekushauri uiache. Unaweza pia kupunguza joto la hita, mlio utapungua.

Mngurumo wa hita ni chokaa. Maji ya visima yenye madini mengi yakichemka huacha tabaka gumu juu ya koili, maji yanayonaswa chini ya tabaka hilo yanageuka mvuke na kupasuka, na huko kupasuka ndiko unakokusikia. Hilo usiliache, kwa sababu koili iliyofunikwa na chokaa inapata joto kupita kiasi na inakula umeme. Kama ni hita ya tanki, zima umeme, mwaga maji, na mwite fundi aichomoe koili aisafishe, akiangalia pia ile fimbo inayoliwa na kutu badala ya tanki.

Mchangiaji, mpangaji, Ubungo

Samahani kwa kuchelewa kuuliza. Kwangu hakuna kishindo wala mluzi, ni sauti ndogo tu ya mfoko wa maji ndani ya ukuta wa jikoni, haukomi mchana na usiku, hata koki zote zikiwa zimefungwa. Mwenye nyumba anasema ni kawaida ya mabomba.

Mwanzisha uzi

Bomba ambalo maji yake yamesimama halina sababu ya kutoa sauti. Kama mfoko haukomi, maji yanakwenda mahali. Fanya hivi leo usiku: funga koki zote, funga na zile koki ndogo za choo, kisha angalia kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, andika namba ya mita, nenda ukalale, na asubuhi iandike tena kabla mtu yeyote hajatumia maji. Kama nyumba inatumia tanki, fanya vivyo hivyo kwa kufunga maji yanayoliingia na kuweka alama ya usawa wa maji ndani yake. Halafu pita na bisibisi ukutani uone mfoko unazidi wapi, upapase ukuta wa upande wa pili kama una ubaridi au rangi imevimba.

Mchangiaji, mpangaji, Ubungo

Nimerudi na majibu. Kigurudumu kilikuwa kinazunguka, na baada ya kuifunga koki ndogo ya choo hakikusimama, kwa hiyo choo si chanzo. Asubuhi mita ilikuwa imesogea lita 140. Mfoko unasikika zaidi nyuma ya kabati la chini ya sinki, na ukuta wa nje hapo rangi imeanza kubanduka. Nimemtumia mwenye nyumba picha pamoja na namba zote mbili za mita, na amekubali fundi aje.

Mwanzisha uzi

Vizuri sana. Hadi fundi afike, funga valvu kuu kila usiku na kila mnapotoka, na toa vyombo vyote kwenye kabati hilo. Mwambie fundi afungue ukuta hapo hapo unaposikia mfoko zaidi, kipande cha upana wa viganja viwili, aangalie kiungo kilicho karibu zaidi na sinki kabla hajasogea kwingine. Akishaunganisha, asizibe siku hiyo. Funga koki zote, fungua valvu kuu, tazama kigurudumu kwa robo saa, na ukuta ufungwe tu kikiwa kimesimama kabisa.